Muziki mtandaoni: Kwa nini wimbo kusikilizwa na wengi si sawa na msanii kulipwa

Wimbo uliorekodiwa Mwanza unaweza kusikilizwa Muscat, London na Toronto siku ileile unapotolewa, bila kanda kudurufiwa wala CD kusafirishwa. Mabadiliko hayo ya teknolojia yamempa msanii wa Tanzania soko ambalo kizazi kilichomtangulia hakikuwa nalo. Vilevile yamebadili njia ambayo fedha hupitia kabla ya kumfikia.

Zamani malipo yalitokana na nakala iliyouzwa. Sasa hulipwa yule ambaye jina lake, mchango wake na asilimia yake vimeandikwa katika kumbukumbu zinazosafiri pamoja na wimbo. Asiyeandikwa halipwi, hata kama wimbo wake unaimbwa na watoto wa kila mtaa. Makala haya yanaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, haki zilizomo ndani ya wimbo mmoja, na mambo ambayo msanii, mtunzi na mtayarishaji wa muziki wanapaswa kuyakamilisha kabla wimbo haujapakiwa mtandaoni.

Kutoka santuri hadi simu ya mkononi

Teknolojia ya kurekodi imekuwa ikibadili muziki wa Afrika Mashariki kwa karibu karne moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na sauti ya taarabu kwa Kiswahili ikavuka mipaka ya visiwa. Baada ya Uhuru, bendi nyingi za muziki wa dansi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio ikawa njia kuu ya kuwafikia wananchi.

Kanda za kaseti zilifungua biashara mpya, lakini zilirahisisha pia kudurufu bila idhini. Muziki wa kizazi kipya ulipoanza kushamiri, wasanii wengi walitegemea wasambazaji wa Kariakoo, ambao mara nyingi walinunua kazi kwa malipo ya mara moja. Msanii aliyepokea fedha hizo hakuwa na njia rahisi ya kujua ni nakala ngapi ziliuzwa baadaye. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha utaratibu wa kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, hatua iliyosaidia kutofautisha nakala halali na bandia.

Wakati huo huo, dunia ilikuwa imeanza kuachana na nakala za kushikika. Huduma ya Napster, iliyoanza mwaka 1999, ilionyesha kwamba muziki unaweza kusambaa kwa intaneti bila malipo, na mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yakashuka kwa takribani miaka 15. Duka la mtandaoni la iTunes, lililofunguliwa mwaka 2003, liliuza wimbo mmoja mmoja kwa kupakuliwa. Spotify ilianza huduma nchini Sweden mwaka 2008 kwa utaratibu tofauti: msikilizaji hanunui wimbo, bali hulipia ruhusa ya kusikiliza maktaba nzima, au husikiliza bure na kuwekewa matangazo.

Tanzania iliingizwa katika huduma ya Spotify mwaka 2021. Kabla ya hapo wasikilizaji wengi nchini walikwisha kuzoea YouTube, Boomplay, ambayo huja ikiwa imewekwa kwenye baadhi ya simu, na Mdundo, iliyoanzia Nairobi na kuruhusu kupakua nyimbo bila malipo ya moja kwa moja.

Fedha hutoka wapi na hugawanywaje

Wasanii wengi huamini kwamba kila wimbo unaposikilizwa mara moja hulipiwa kiasi maalumu kinachojulikana. Katika majukwaa mengi sivyo ilivyo. Fedha za wanaolipia huduma na za matangazo huwekwa katika kapu moja la mwezi kwa nchi husika. Jukwaa hubakiza sehemu yake, kwa kawaida takribani theluthi moja, na kinachobaki hugawanywa kwa wenye haki kulingana na uwiano wa mara ambazo nyimbo zao zimesikilizwa.

Mfano ufuatao unaweza kusaidia. Tuseme jukwaa limekusanya Sh milioni 100 kwa mwezi, likabakiza Sh milioni 30, na Sh milioni 70 zikabaki kwa wenye haki. Nyimbo zote kwa pamoja zimesikilizwa mara milioni 20, na wimbo mmoja umesikilizwa mara 200,000, yaani asilimia moja. Wimbo huo utapata Sh 700,000. Mwezi unaofuata wimbo umesikilizwa tena mara 200,000, lakini nyimbo zote zimesikilizwa mara milioni 40 na fedha hazijaongezeka. Sasa wimbo utapata Sh 350,000. Idadi ya waliousikiliza haikupungua, bali sehemu yake katika kapu ndiyo iliyopungua.

Hii ndiyo sababu wasanii wawili wenye idadi sawa ya kusikilizwa wanaweza kupokea malipo tofauti. Msikilizaji wa Marekani au Sweden hulipia huduma kwa bei kubwa kuliko wa Tanzania, na anayelipia huingiza fedha nyingi kuliko anayesikiliza kwa matangazo. Msanii mwenye wasikilizaji wengi miongoni mwa Watanzania waishio ughaibuni anaweza kupata zaidi ya mwenzake anayesikilizwa nchini pekee.

Zipo pia kanuni ndogo zenye athari kubwa. Kwenye Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Aidha, tangu mwanzoni mwa mwaka 2024 jukwaa hilo halilipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 iliyotangulia. Wimbo wa dakika mbili na wimbo wa dakika kumi huhesabiwa sawa. Kanuni hiyo inawabana zaidi wanamuziki wa dansi na taarabu, ambao nyimbo zao huanza taratibu na kuchukua muda mrefu kabla ya kufika kwenye chemko. Katika muda unaotumika kusikiliza utenzi mmoja wa taarabu, nyimbo tatu au nne fupi huweza kuhesabiwa.

Wimbo mmoja, haki mbili

Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili, na kutozitofautisha ndiko chanzo cha migogoro mingi.

Haki ya kwanza ni ya utunzi, yaani mashairi na melodi. Haki hii ni ya mtunzi, au watunzi wakiwa zaidi ya mmoja. Ya pili ni ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio. Hii kwa kawaida ni ya aliyegharamia kurekodi, ambaye anaweza kuwa msanii mwenyewe, kampuni au lebo, au mtayarishaji, kutegemeana na makubaliano. Waimbaji na wapiga ala walioshiriki nao wana haki kama watumbuizaji, ambazo Sheria huziweka katika kundi la hakishiriki.

Wimbo unaposikilizwa mtandaoni, haki zote mbili huzalisha fedha, lakini kwa njia tofauti. Sehemu kubwa, ya rekodi, hupitia kwa msambazaji wa kidijitali na kuingia kwenye akaunti ya aliyepakia wimbo. Sehemu ndogo, ya utunzi, hupitia kwa taasisi za kukusanya mirabaha na kampuni zinazosimamia haki za watunzi. Msanii aliyetunga na kuimba wimbo wake mwenyewe, lakini akapakia rekodi tu bila kusajili utunzi, hupokea sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili bila mdai.

Mitambo haimtambui mtu kwa umaarufu wake. Rekodi hutambuliwa kwa msimbo wa kimataifa wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12, na utunzi hutambuliwa kwa msimbo wake, ISWC. Misimbo hiyo huambatana na taarifa za jina la wimbo, watunzi, waimbaji, mtayarishaji, mwaka na asilimia za mgawanyo. Jina likiandikwa kwa namna tatu tofauti katika nyimbo tatu, mfumo unaweza kulihesabu kuwa ni la watu watatu. Mtunzi asipotajwa kabisa, kwa mfumo huyo hayupo.

Anayeathirika zaidi na kasoro hizo mara nyingi si nyota anayeonekana kwenye video. Ni kijana aliyeandika kiitikio, mpiga gitaa aliyeingia studio kwa saa mbili, au mtayarishaji aliyetengeneza mdundo na kulipwa nauli. Wimbo ukivuma baada ya mwaka mmoja, hawana karatasi ya kuonyesha. Kinachowalinda ni waraka wa ukurasa mmoja wa mgawanyo wa haki, unaotaja majina kamili, kazi ya kila mmoja na asilimia yake, na kusainiwa kabla wimbo haujatolewa. Wakati huo hakuna fedha ya kugombania, hivyo makubaliano huwa rahisi.

Anayemiliki akaunti ndiye anayepokea fedha

Majukwaa makubwa kwa kawaida hayapokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii. Wimbo hupelekwa na msambazaji wa kidijitali, ambaye hutoza ada ya mwaka au hukata asilimia ya mapato. Msambazaji huyo hulipa mwenye akaunti. Kama akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya meneja, rafiki au studio, fedha na takwimu za wasikilizaji huenda kwao. Uhusiano ukivunjika, msanii anaweza kushindwa kuingia kwenye kazi zake mwenyewe, na kuzirejesha huchukua muda mrefu.

Kabla ya kusaini mkataba wa usambazaji, ni muhimu kufahamu mambo manne: mkataba unadumu kwa muda gani, asilimia ya makato inahesabiwa kabla au baada ya gharama, haki inakabidhiwa moja kwa moja au inatolewa kwa muda, na nini kinatokea kwa nyimbo mkataba unapokwisha. Neno "kuhamisha haki" lina uzito tofauti kabisa na neno "kuruhusu matumizi". Msanii asiyeuelewa mkataba ana haki ya kupewa muda wa kuupeleka kwa mwanasheria.

Kwa upande wa YouTube, mwenye chaneli huanza kupata sehemu ya mapato ya matangazo anapofikisha wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au vigezo mbadala vya video fupi. Jukwaa hilo pia lina mfumo wa Content ID, ambao hulinganisha kila video inayopakiwa na rekodi zilizowasilishwa na wenye haki. Video ya harusi ikitumia wimbo uliosajiliwa humo, mwenye wimbo anaweza kuizuia, kuifuatilia tu, au kupokea mapato ya matangazo yake. Mara nyingi chaguo la tatu lina manufaa zaidi, kwa kuwa matumizi ya wananchi wa kawaida hugeuka kuwa kipato badala ya ugomvi.

Aidha, tangu Juni 2021 mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya nchi hiyo, ambayo inaweza kufikia asilimia 30. Mwenye chaneli asiyejaza taarifa zake za kodi anaweza kukatwa hata katika mapato yatokanayo na watazamaji wa nchi nyingine.

Sheria na taasisi zinazohusika

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa tangu mwaka 1994. Ulinzi wa kazi hizo Tanzania Bara umewekwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218. Sheria hiyo inatambua haki za kiuchumi, zinazohusu malipo na ruhusa ya matumizi, na haki za kimaadili, ikiwemo haki ya mtunzi kutajwa kwa jina na ya kuzuia kazi yake kupotoshwa.

Hakimiliki huanza mara kazi inapobuniwa na kuwekwa katika umbo linaloweza kusikika, kuonekana au kusomeka. Usajili si sharti la kuipata. Hata hivyo, usajili kwa COSOTA hutoa ushahidi wa nani aliyeiwasilisha kazi na lini, na ushahidi huo ndio unaohitajika mgogoro unapotokea.

Mwaka 2022 Sheria ilifanyiwa marekebisho ambayo yaliifanya COSOTA, iliyokuwa Chama cha Hakimiliki, kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Marekebisho hayo yalitenganisha jukumu la usimamizi na jukumu la kukusanya na kugawa mirabaha, ambalo limefunguliwa kwa taasisi za wenye haki wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, mirabaha ya zaidi ya Sh milioni 300 iligawiwa kwa wasanii wa muziki. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki na taasisi yake, COSOZA.

Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, huwasajili wasanii na wadau wa sanaa, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo na mafunzo kwa wanaokidhi vigezo. Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo yanayofanywa kwa waandaaji wa maudhui ya kidijitali walio wakazi wa Tanzania. Ufafanuzi wa namna inavyomhusu msanii mmoja mmoja hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Ikumbukwe kwamba mirabaha ya redio, televisheni, hoteli na kumbi za starehe ni tofauti na fedha za majukwaa ya mtandaoni. Msanii anayepokea malipo kutoka YouTube hajalipwa kwa wimbo wake kupigwa redioni, na aliyepata mgao wa mirabaha ya utangazaji hajapata fedha za Boomplay. Kila njia ina dirisha lake na kumbukumbu zake.

Ukubwa wa fursa

Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Wazalishaji wa Muziki, IFPI, mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalifikia Dola za Marekani bilioni 29.6 mwaka 2024, na asilimia 69 yalitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Mapato ya Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara yalikua kwa asilimia 22.6 na kufikia Dola milioni 110. Kasi hiyo ni kubwa, lakini kiasi chenyewe bado ni chini ya nusu ya asilimia moja ya mapato ya dunia, na takribani robo tatu yake ilitoka katika nchi ya Afrika Kusini pekee.

Takwimu hizo zinaonyesha pande mbili za hali halisi. Mwaka 2020 video za chaneli ya Diamond Platnumz kwenye YouTube zilivuka kutazamwa mara bilioni moja. Muziki wa singeli, uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kwa kompyuta za gharama nafuu, ulipata wasikilizaji Ulaya baada ya mkusanyo wa Sounds of Sisso kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Kwa upande mwingine, wasanii wengi bado hutegemea maonyesho ya jukwaani na matangazo ya biashara kwa kipato chao, na fedha za mtandaoni huja kama nyongeza. Faida yake ni kwamba huweza kuendelea kuingia kwa miaka mingi, hata msanii anapoumwa, anapozeeka au anapoacha muziki, iwapo kumbukumbu zake ziko sawa.

Changamoto mpya

Akili mnemba sasa inaweza kutengeneza wimbo kamili kwa dakika chache. Aprili 2025 jukwaa la Deezer la Ufaransa lilieleza kwamba nyimbo zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa kikamilifu kwa teknolojia hiyo zilikuwa zikipakiwa kwake kila siku, sawa na asilimia 18 ya nyimbo zote mpya. Kwa kuwa kapu la fedha ni moja, nyimbo hizo zikisikilizwa, ziwe na wasikilizaji halisi au wa kubuni, hupunguza sehemu ya wanaotunga kwa jasho lao.

Baadhi ya wasanii hushawishiwa kununua wasikilizaji wa bandia ili waonekane maarufu. Majukwaa yana mitambo ya kubaini udanganyifu huo, na adhabu zake ni pamoja na kuzuia malipo na kuondoa wimbo. Gharama ya kununua namba hizo hugeuka hasara mara mbili.

Mambo ya kukamilisha kabla ya kutoa wimbo

Wasanii na wadau wa muziki wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kuandika na kusaini mgawanyo wa haki kati ya watunzi, waimbaji, wapiga ala na mtayarishaji siku ya kurekodi.
2. Kusajili kazi COSOTA, au COSOZA kwa walioko Zanzibar, na kutunza uthibitisho wa usajili.
3. Kutumia jina moja la kisanii, lililoandikwa kwa tahajia ileile, katika kazi zote.
4. Kuhakikisha kila rekodi ina msimbo wa ISRC na kutunza orodha ya misimbo hiyo nje ya simu.
5. Kufungua akaunti za usambazaji na za YouTube kwa barua pepe na namba ya simu ya msanii mwenyewe, na kumpa meneja ruhusa ya kusimamia badala ya umiliki.
6. Kusajili utunzi kwa taasisi ya kukusanya mirabaha, hata pale mtunzi ndiye mwimbaji.
7. Kupitia taarifa za mapato kila zinapotolewa na kuhoji tofauti mapema.
8. Kuwaeleza wanafamilia mahali nyaraka hizo zilipo, kwa kuwa hakimiliki hurithiwa.

Mwananchi msikilizaji naye ana nafasi yake. Anaposikiliza wimbo kwenye chaneli au jukwaa rasmi la msanii, badala ya kurushiana faili kwenye makundi ya simu, usikilizaji huo huhesabiwa na kuingia katika mgao wa mwezi. Kwa msikilizaji tofauti ni ndogo, lakini kwa mtunzi ambaye jina lake limeandikwa ipasavyo, huo ndio mwanzo wa malipo yake.